Samaki Bomba Katika Gunia la Dagaa

Bahari sijawahi kuiona. Nasema mapema ili mtu asije akadhani najifanya mjuzi. Nimeona Ziwa Edward na Ziwa George, nimeona mito yetu inavyobadilika rangi mvua ikinyesha milimani, basi. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiuza dagaa wa baharini hapa Bwera, na mtu akikaa na dagaa muda wote huo, bahari inamwingia taratibu hata kama hawajakutana.

Dagaa hao hutoka mbali. Hukaushwa juani huko pwani, hutiwa kwenye magunia, husafiri kwa malori siku nyingi, na wengi wao huvuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kongo. Mimi huchukua magunia yangu machache nikabaki nayo upande huu. Kabla ya siku ya soko lazima niwachambue. Nakaa barazani, ungo magotini, nachota kiganja kwa kiganja, natoa mchanga, nyuzi za nyavu, majani makavu na kila kisichokuwa dagaa. Ni kazi ya kulala macho wazi. Saa mbili hupita nisijue nilikuwa wapi. Vidole vinachambua, mimi niko kwingine, natembea chini ya maji ya kijani yenye uvuguvugu, na hakuna anayeniuliza bei.

Vitu nilivyovitoa kwenye dagaa sikuvitupa vyote. Nilikuwa na kopo la majani ya chai ambamo niliweka vile vilivyonipendeza: kaa mdogo kama kifungo cha shati, makombe mawili matatu, kipande cha kitu chekundu ambacho mpaka leo sijui kama ni jiwe au mti. Ndugu yangu alisema nakusanya takataka. Nilimwambia yeye anakusanya vipande vya vitambaa na hakuna aliyemuuliza.

Huyo ndugu yangu ni mdogo wangu, fundi cherehani. Wazazi wetu walikwisha kufariki, tukabaki katika nyumba yao ya vyumba vitatu, cherehani yake upande mmoja wa baraza, ungo wangu upande wa pili. Alioa msichana wa Muhokya, binti wa mwanajeshi mstaafu aliyekuja huku kikazi kutoka kaskazini na hakurudi kwao tena. Wifi yangu alikuwa mcheshi, mvivu wa kupika, mwepesi wa kuimba, na nilimpenda kupita kiasi.

Alifariki siku aliyojifungua. Mtoto alikuja kabla ya wakati, njiani, kwenye gari la jirani, na damu haikukata. Walipofika hospitali ya misheni kule Kisinga, wifi yangu alikuwa amekwisha kata kauli. Sitaki kuandika zaidi kuhusu siku ile. Mtoto alikuwa msichana, mdogo kiasi kwamba mara ya kwanza nilipomwona niliangalia pembeni kwa woga.

Wauguzi walimfundisha ndugu yangu jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Walimwambia avue shati, wakamweka mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kichwa kikiwa chini ya kidevu, wakamfunga kwa kitambaa. Mtoto wa namna hii, walisema, joto lake ni mtu. Blanketi haitoshi. Nilijitolea mimi, maana nilidhani hiyo ni kazi ya mwanamke, lakini ndugu yangu hakunisikia hata kidogo. Alikuwa amemshika yule mtoto kwa mikono miwili. Siku waliyoruhusiwa, muuguzi aliandika kwenye kadi, akatueleza alichoandika: anayembeba ni baba.

Basi tukaanza maisha ya ajabu, na nikiyakumbuka leo nayaona kama ndoto moja ndefu ya mchana. Ndugu yangu alijishonea mashati mapana yenye vifungo vingi mbele. Mtoto aliishi humo ndani. Alikuwa akishona huku ameketi wima, akikanyaga cherehani polepole, na mlio wake ukawa ndio usingizi wa nyumba nzima. Mvua ilipopiga mabati hatukuongea. Ukungu ulishuka kutoka Rwenzori ukakaa kwenye migomba, mimi nikachambua, yeye akashona, na katikati ya vifungo vya shati kulikuwa na mtu wa tatu anapumua. Kila baada ya muda alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akainamisha uso, akasikiliza, akaendelea. Tulimnywesha maziwa kwa kikombe kidogo, tone kwa tone.

Wateja walicheka, watafanyaje?

"Fundi, iko na mimba ya miezi mingapi?" aliuliza mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliyeleta kitenge.

"Inakaribia, mama," alijibu bila kuinua macho. "Kule hospitali beko nahesabu kilo, hapana miezi."

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa kosa langu. Kwetu, na kwa watu wa kaskazini pia, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anapinda. Hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na mwili wa mmoja mbele ya mwingine ni jambo lisilotajwa kabisa. Watu wa Muhokya na sisi tulitofautiana lugha na chakula, lakini katika hili tulilingana kama waliozaliwa nyumba moja.

Kwa hiyo bibi wa mtoto, mama yake wifi yangu, alipokuja kumwona mjukuu wake, na alikuja mara nyingi, mambo yalikwenda hivi. Alikohoa njiani, akapiga hodi ya mbali. Ndugu yangu akafungua vifungo haraka, akanipa mtoto, akachomoka kwa mlango wa nyuma. Bibi akaingia, akamkuta mtoto kifuani pangu, amefungwa vizuri, mimi natoka jasho. Kila mara alinikuta mimi. Alinibariki. Alisema Mungu amenipa moyo. Nami nilipokea baraka ambazo hazikuwa zangu, kwa sababu ningesema nini? Kwamba siye mimi, bali ni kifua cha mkwe wako, kikiwa wazi, mchana kutwa? Ningekufa kwa aibu, na yeye angeondoka bila kuaga.

Mume wake, yule mwanajeshi mstaafu tuliyemwita afande, alikuja na ujumbe mtoto alipotimiza mwezi mmoja. Mwezi ujao wangekuja kwa kikao, na baada ya kikao wangemchukua mtoto akalelewe Muhokya, kwa bibi yake. Mwanamume mjane hawezi kulea kichanga, alisema, na shangazi ana biashara yake. Aliyasema hayo kwa upole wa kijeshi, yaani kwa kupaza sauti kidogo kuliko inavyohitajika. Ndugu yangu aliyasikia akiwa nyuma ya nyumba. Niliporudi barazani nilimkuta amerudisha mtoto ndani ya shati na amekaa mbele ya cherehani bila kushona.

"Dada," alisema, "bakimuchukua, mimi nitabaki nani?"

Nilimwambia anyooshe mgongo asimbane mtoto.

Ni katika wiki hizo nilipompata yule samaki. Alitoka gunia la pili, asubuhi ya jua, nikiwa mbali sana chini ya maji yangu. Kidole kiligusa kitu kigumu na chembamba, nikadhani ni kijiti cha ufagio. Nilipokitazama kilikuwa na macho. Alikuwa na urefu wa kiganja changu, mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, mwili wake una pingili pingili, na mdomo wake ulikuwa bomba jembamba lisilofunguka. Chini ya tumbo palikuwa na mstari wa chembe ndogo ndogo zilizopangika, ngumu kama mtama. Mayai. Nikasema, maskini mama, alikamatwa akiwa na mimba. Nikamweka kwenye kopo, na siku ile sikuchambua vizuri tena.

Kuna mwalimu wa sayansi anayenunua kwangu dagaa waliovunjika kwa ajili ya kuku wake. Huyo ndiye niliyemwonyesha. Alimgeuza, akamnusa, akamtazama tena, kisha akasahau kuku.

"Huyu anaitwa samaki bomba," alisema. "Kwa sababu ya mdomo. Lakini huyu mama unayemsikitikia si mama. Ni baba."

Nilimwambia aache utani, nina kazi. Akaapa. Kwa samaki hawa, alisema, jike hutaga mayai yake tumboni pa dume, na dume ndiye anayeyabeba mpaka watoto watoke. Akampiga picha kwa simu, akaituma kwa mwenzake wa chuo kikuu, na baada ya siku mbili akarudi mbio. Mwenzake alikuwa amesema kwamba aina hii huonekana kwa nadra sana, hata wavuvi waliozeekea majini wengi hawaijui, maana husimama wima kati ya majani ya chini ya bahari na kuyumba pamoja nayo, jicho likapita lisione kitu. Mwalimu alitaka nimpe amweke kwenye chupa ya spiriti shuleni. Nikamwambia nitampa, ila si sasa.

Si sasa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha mpangia kazi. Nilikwenda kulala nikimwona yule baba amesimama kwenye majani yake, kimya, hakuna anayemjua, amebeba. Niliona nimepata njia. Kifua cha ndugu yangu singeweza kukitaja mbele ya mama mkwe wake, lakini samaki? Samaki hana ukwe na mtu. Ningeeleza habari za samaki, watu wazima wangeelewa, na hakuna ambaye angevunjiwa heshima. Nilijiona nina akili nyingi sana. Hilo nalikumbuka kwa uchungu kuliko mengine.

Siku ya kikao walifika wawili, afande na mkewe. Upande wetu walikuwapo wazee wawili wa ukoo, waliokunywa chai na kukubaliana na kila kitu. Ndugu yangu aliketi chumba cha pili, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Mtoto alikuwa kwangu.

"Sisi iko hapa kwa kazi moja," afande alianza. "Mutoto ya binti yetu. Hapana maneno mingi."

Nikasema, afande, mama, kabla ya yote naomba niwaonyeshe kitu. Nikatoa samaki kwenye kopo, nikamweka kiganjani, nikawasogezea. Afande alivaa miwani. Nikaeleza vizuri, polepole, kama nilivyofanya mazoezi jikoni.

"Huyu ni baba. Mama anamwekea mayai hapa tumboni, halafu anakwenda zake. Baba ndiye anabeba. Hakuna anayemwona, lakini yeye ndiye anabeba mpaka mwisho."

Nikangoja waelewe. Nje mtu alipita na baiskeli. Bibi alikuwa anamtazama samaki, si mimi.

"Anakwenda zake," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mama yake anaweka mayai, anakwenda zake." Akainua macho. "Mutoto yangu hapana kwenda zake. Mutoto yangu alikufa."

Nilitaka kusema sikumaanisha hivyo, na kila neno nililolifikiria lilikuwa baya kuliko lile lililotangulia. Afande alivua miwani na kuikunja. Wazee wetu waliangalia vikombe. Bibi alisimama, akanifungua kitambaa kifuani kwa mikono yake, bila ukali, akamchukua mtoto. Waliondoka kwa gari la kukodi kabla chai haijapoa.

Nilikaa palepale na samaki mkononi. Ndugu yangu alitoka nyuma ya pazia, akaenda kwenye cherehani, akashona mkono wa gauni la mtu mpaka ukaisha. Shati lilimpwaya mbele. Jioni ndipo aliposema.

"Dada, mimi najua ulikuwa natafuta kusaidia."

Angenitukana ningefurahi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha hasira ikanishika, hasira ya kijinga, nikamtupa yule samaki kwenye ndoo ya dagaa waliovunjika. Kesho yake mwalimu alichukua ndoo yake kama kawaida. Samaki ambaye wavuvi hawajamwona na wasomi wanamtafuta aliliwa na kuku wa Bwera. Nilipomwambia mwalimu, alikaa wiki nzima bila kunisalimia, na sikumlaumu.

Siku zilizofuata nilichambua bila kwenda popote. Bahari ilikuwa imefungwa. Niliona dagaa tu, wafu, wenye macho makavu. Ndugu yangu hakuacha kunyoosha mgongo alipokuwa akishona, na mara kwa mara alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akainamisha uso, halafu akakumbuka. Mimi nilijifanya sioni. Watu walipomuuliza mtoto yuko wapi, alisema kwa bibi yake, anakula vizuri. Hakujua kama anakula. Hakuna aliyetupigia simu, na sisi hatukuthubutu.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa, siku ya soko. Nilikuwa ndani nafunga mzigo wangu, boda boda iliposimama nje. Nikasikia kikohozi ninachokijua, na hodi iliyopigwa karibu sana, mlangoni kabisa. Ndugu yangu alikuwa chumbani akikata kitambaa. Aliweka mkasi chini na kuelekea mlango wa nyuma, kama siku zote.

"Simama hapo!"

Nadhani miaka ya kambini haimtoki hata mke wa mwanajeshi. Ndugu yangu alisimama, uso ukitazama ukuta. Bibi aliingia. Alikuwa amekonda, na mtoto alikuwa mikononi mwake katika blanketi mbili. Hakuketi. Aliongea na mimi.

"Mutoto hapana kunywa. Hapana lala. Niliweka kwa kifua yangu, iko nalia. Nilipeleka kwa zahanati, wanapima, kilo imerudi chini. Sister anasoma kadi, anauliza, nani alikuwa nabeba huyu? Nikasema shangazi. Akasema, hapana, hapa iko baba." Akavuta pumzi. "Nikasema sister hajui kusoma. Nikagombana na yeye."

Nilitazama chini.

"Iko kweli?"

"Ni kweli, mama," nikasema. "Tangu Kisinga. Ulipokuwa ukija alinipa mimi, akatoka. Nilishindwa kukwambia. Ningekutajia vipi kifua cha mkwe wako? Ndiyo maana nikaleta yule samaki. Nilikuwa namsema yeye, mama. Sikuwa namsema marehemu."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mtoto alilia, sauti nyembamba, bila nguvu, na niliona mgongo wa ndugu yangu ukishtuka, lakini hakugeuka. Hakuthubutu.

"Wewe," bibi alimwambia. Hakuwahi kumsemesha tangu arusi. "Geuka."

Akageuka, macho yakiwa sakafuni.

"Toa shati."

Alinitazama mimi kama anayeuliza kama amesikia vizuri. Sikumsaidia. Vidole vyake, vinavyoshona vifungo kutwa, vilishindwa kufungua vya kwake, akararua viwili vya mwisho. Alisimama mbele ya mama mkwe wake kifua wazi, na katika maisha yangu sijaona mtu aliye uchi kuliko vile. Bibi alifungua blanketi ya kwanza, akafungua ya pili. Akavuka chumba. Akamweka mtoto mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, kichwa chini ya kidevu, na viganja vyake vikagusa ngozi ya mkwe wake, wala hakuvitoa haraka.

Mtoto alilia kidogo. Kisha akatafuta kwa uso, huku na huku, akanyamaza.

Nilimpa ndugu yangu kitambaa, nikashika pembe moja kumsaidia. Bibi akauondoa mkono wangu.

"Acha afunge yeye," alisema. "Mimi nataka kuona."

Ndugu yangu akafunga, na bibi akasimama palepale mbele yake akimtazama, mpaka mjukuu wake alipolala.